Kabla ya Kupiga Kelele za "Mwizi!": Nadharia za Uhalifu kwa Vijana wa Mageuzi

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la vijana wa chama. Imeandikwa karibu kama ilivyozungumzwa.)



Niliombwa nizungumzie kriminolojia. Jina lisiwatishe. Ni elimu inayouliza maswali yale yale yanayoulizwa kila siku kwenye kijiwe cha kahawa: kwa nini watu wanaiba, kwa nini wanaua, nani anaitwa mhalifu na nani anaachwa, na tukishamkamata tumfanye nini. Tofauti ni kwamba kijiweni jibu linapatikana kabla kahawa haijapoa.

Sasa nyoosheni mikono, bila aibu. Nani hapa anaamini kuna mtu anazaliwa mwizi, iko kwenye damu? Naona kama kumi hivi. Nani anasema ni umaskini? Wengi. Ni malezi, wazazi wamewadekeza? Haya. Makundi mabaya? Sawa. Na nani anasema tatizo ni adhabu ndogo, leo anakamatwa kesho yuko mtaani anakucheka? Eeh! Hapo mmenyoosha karibu wote, na wengine mikono miwili.

Asanteni. Ndani ya dakika moja mmepita miaka mia mbili na hamsini ya kriminolojia. Kila mkono ulionyooka hapa una mzee wake aliyeandikia kitabu wazo hilo, na kila mkono umebeba adhabu ndani yake. Hili ndilo ninalotaka tulishike leo. Ukisema mwizi anazaliwa, umeshaamua cha kumfanya, maana aliyezaliwa hivyo habadiliki. Afungwe maisha au aondolewe. Ukisema ni umaskini, umeishtaki serikali. Ukisema ni malezi, umemshtaki mama yake. Hakuna jibu lisilo na mtu wa kubebeshwa lawama. Kwa hiyo chama kinachosema hakina nadharia ya uhalifu kinayo tayari, ila hakijui kimeiokota wapi.

Tuanze na neno lenyewe. Uhalifu ni tendo lililokatazwa na sheria na kuwekewa adhabu. Basi. Ubaya ni kitu kingine. Kumkimbia rafiki aliyefilisika ni ubaya, lakini hakuna polisi atakayekufuata. Na kuna mambo ni jinai wala hayana ubaya wowote. Juni 30, 1992, kuendesha chama cha siasa tofauti na CCM katika nchi hii kulikuwa ni kuvunja sheria. Kesho yake, Julai 1, ikawa haki. Wazee wetu wale wale, kikao kile kile, mkeka ule ule. Kilichobadilika ni karatasi. Na karatasi hugeuka upande wa pili pia. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kidole chako cha kusambaza ujumbe, ambacho jana yake hakikuwa na kesi na mtu, kikaanza kuwa na kesi. Sisemi kila jinai ni uonevu. Kukata watu mapanga ni kukata watu mapanga, katiba yoyote ile. Nasema tu kwamba mtu wa upinzani akilisikia neno "mhalifu" anatakiwa kuuliza swali moja la ziada kabla hajaitikia.

Sasa tuje kwa wazee wetu, na wa kwanza hakuwa mzee. Alikuwa na miaka 26, rika lenu kabisa. Cesare Beccaria, Mwitaliano wa Milan, mwaka 1764 alitoa kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu. Mwanzoni hakuweka jina lake, aliogopa. Alikuwa na sababu ya kuogopa, maana Ulaya ya wakati ule mtuhumiwa aliteswa mpaka akiri, na watu waliuawa hadharani huku umati ukitazama kama mechi. Beccaria akasema binadamu ana akili, anapiga hesabu ya faida na maumivu. Kama ni hivyo, adhabu inayozuia uhalifu ni ile yenye uhakika, inayokuja mapema na inayolingana na kosa. Ukali wa kupitiliza hauna kazi. Akapinga utesaji na akapinga hukumu ya kifo.

Ninyi mlionyoosha mikono miwili kwamba adhabu ni ndogo, ninyi ni watoto wa Beccaria, ila mmechukua nusu ya urithi. Mmechukua hesabu, mmeacha uhakika. Nchi yetu nayo ilifanya hivyo hivyo mapema kabisa. Mwaka 1963 Tanganyika ilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa kwa makosa kama wizi na rushwa, na ndani yake kulikuwa na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani, 12 siku ya kutoka. Leo unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo chake kinaanzia miaka 30. Thelathini, makamanda! Umeona unyang'anyi umekwisha? Kijana anayetoka usiku na panga hajui kama ni 30 au 3. Anachokijua ni kwamba matukio kumi yaliyopita mtaani kwake hakuna aliyekamatwa. Na ninyi mnajua kwa nini. Umepiga simu saa nane usiku, umeambiwa gari lipo ila halina mafuta. Beccaria angekuwa mbunge wetu asingepiga kelele za kunyonga. Angesimama kwenye bajeti aulizie hayo mafuta.

Ana udhaifu wake. Anadhani kila mtu anapiga hesabu kabla ya kutenda. Mtu aliyelewa, mtu mwenye hasira ya mapenzi, hapigi hesabu yoyote. Lakini kati ya wote nitakaowataja, huyu kijana ndiye ningemwazima kwa kuandika ilani.

Miaka mia moja na ushee baadaye akaja Mwitaliano mwingine, daktari, Cesare Lombroso. Huyu ndiye wa wale kumi mlionyoosha mkono kwanza. Alipasua maiti ya mwizi mmoja wa kusini mwa Italia, akaona kashimo ndani ya fuvu, akaamini amepata siri: mhalifu ni binadamu aliyerudi nyuma, mshenzi wa kale aliyezaliwa karne isiyo yake. Kitabu chake cha mwaka 1876 kilieleza namna ya kumtambua: taya kubwa, mikono mirefu, masikio ya namna fulani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndiyo nadharia nzima, imewekewa vipimo tu. Alipofariki aliacha wosia mifupa yake mwenyewe iwekwe kwenye makumbusho yake Turin, na ipo huko, pamoja na mafuvu ya hao wahalifu wake. Daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, aliwapima wafungwa wapatao 3,000, akalinganisha na watu wa kawaida, na mwaka 1913 akachapisha kwamba hakuna umbo la mhalifu. Kisayansi hadithi ikaishia hapo.

Kisiasa haikuishia. Mnakumbuka Mau Mau hapo Kenya? Serikali ya kikoloni haikutaka kusikia kwamba watu wanadai ardhi. Ilimtafuta daktari. J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1953 alikuwa ameandika kuhusu akili ya Mwafrika, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 akaiandikia serikali ya Kenya kitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Mnaona mchezo? Mtu anasema "shamba langu limechukuliwa", unamjibu "una ugonjwa". Ukishaweka sababu ndani ya fuvu lake, huna haja ya kuzungumzia shamba.

Na wazo hilo bado lina sare na gari. Waingereza walikuwa na sheria ya uzururaji ya mwaka 1824. Wakaja nayo huku, na Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930 ikaibeba. Kasomeni vifungu vya 176 na 177. Mle unakutana na mtu asiye na njia ya kujikimu inayoonekana na asiyeweza kujieleza vizuri. Someni polepole. Hajavunja duka, hajamgusa mtu. Kosa lake ni jinsi alivyo. "Unatoka wapi, unakwenda wapi, unafanya kazi gani?" Ukisita, karandinga. Na tusijidanganye kwamba ni mkoloni tu. Mwaka 1983, katika Nguvu Kazi, watu walisombwa Dar es Salaam kupelekwa vijijini kwa sababu hawakuwa na cha kuonyesha kwamba wana kazi. Namheshimu Mwalimu, namheshimu Sokoine, na hapo naona walikosea.

Malawi walikuwa na sheria hiyo hiyo, kutoka kwa bwana yule yule. Mwaka 2017 Mahakama Kuu yao ilikifuta kifungu cha uzururaji baada ya mchuuzi mmoja kukamatwa akienda kazini kwake alfajiri. Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika, nchi zizifute au zizirekebishe. Mahakama hiyo iko wapi? Arusha! Iko kwetu. Mtu anaweza kutoka pale getini akakutana na msako.

Haya, sasa mkono wa umaskini, maana mlikuwa wengi, na hapa nataka tukae kidogo.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Lakini kama umaskini peke yake ungeleta wizi, vijiji maskini kuliko vyote vingekuwa ndivyo vyenye wezi wengi kuliko vyote. Mimi nimekulia kijijini ambako baiskeli ililala nje. Robert Merton, Mmarekani aliyezaliwa kwenye familia ya wahamiaji maskini, aliliona hili mwaka 1938. Alisema tatizo linakuja pale jamii inapomwambia kila mtu atafute kitu kimoja, halafu ikawafungia wengi mlango wa kukipatia. Marekani yao inahubiri kwamba yeyote anaweza kutajirika, na asiyetajirika ni mzembe. Mlango wa shule nzuri na kazi nzuri lakini si wa wote. Pengo hilo kati ya unachoambiwa utafute na njia uliyopewa ndilo linalowakoroga watu. Neno alilotumia, anomia, alilirithi kwa Mfaransa Émile Durkheim.

Halafu Merton akasema watu hujibu pengo hilo kwa namna tano. Nitazitafsiri kwa kimtaa. Wapo wanaoendelea na njia halali wakiamini siku moja watafika. Huyu ana digrii ya ualimu, anaendesha bodaboda, na bado anatuma maombi ya kazi kila tangazo likitoka. Yupo aliyekata tamaa ya kutajirika lakini anafuata taratibu tu kwa mazoea, anapiga muhuri ofisini, anangoja saa tisa na nusu. Yupo aliyeyaacha yote, malengo na njia, teja yule chini ya daraja. Yupo anayelitaka gari, simu na nyumba kama wengine, ila anabuni njia yake mwenyewe, na Merton alimwita mbunifu bila kejeli yoyote. Huyo ndiye kibaka, ndiye tapeli wa "tuma kwenye namba hii", ndiye mhasibu wa halmashauri mwenye wafanyakazi hewa. Na wa tano anakataa malengo na njia zote mbili, anataka kuweka nyingine mpya. Merton alimwita mwasi. Makamanda, mnajijua.

Mimi nampenda Merton kwa sababu ametusaidia kuona kwamba kibaka na mhasibu wako kwenye chumba kimoja. Hawakuikataa jamii. Wanaiamini kupita kiasi, wanataka kile kile kinachotangazwa kwenye kila bango barabarani. Angalia kijana wa leo. Simu yake asubuhi hadi usiku inamwonyesha mtu wa rika lake ameegemea gari jeupe, na chini yake tangazo la kubeti linamwambia leo ni zamu yako. Serikali inamwambia jiajiri. Anajiajiri, anapanga nyanya pembeni ya barabara, mgambo anakuja kuzimwaga. Sasa mwambie tena habari za uvumilivu.

Lakini tumkabe na maswali. Wasichana wako maskini vile vile, wengine zaidi, wanaona mabango yale yale. Mbona magereza yamejaa wanaume? Dada zetu hapa mnatabasamu. Merton hana jibu zuri kwa hilo. Na hana jibu kamili kwa tajiri anayeiba, maana yule mlango haujafungwa, funguo anazo mwenyewe.

Mwingine, Travis Hirschi, mwaka 1969 aligeuza swali. Kwa nini mnauliza sababu za watu kuiba? Ulizeni kwa nini wengi wetu hatuibi. Jibu lake: kuna kamba zinatushika. Watu tunaowapenda na hatutaki kuwaaibisha, kitu tulichoanza kukijenga na tunaogopa kukipoteza, shughuli zinazotumaliza muda, na imani kwamba sheria ni ya haki. Kamba zikikatika, mtu anaelea. Kikoba cha mama, timu ya mtaa, madrasa, kwaya, chama cha bodaboda, hivyo vyote ni kamba. Na wale wa Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay, walionyesha mwaka 1942 kwamba baadhi ya mitaa ya jiji lao ilibaki na uhalifu mwingi wa vijana hata pale wahamiaji wa kabila moja walipohama na kabila lingine likaingia. Waliohama hawakuondoka na uhalifu kwenye mabegi. Kwa hiyo mtu akikwambia "watu wa Manzese", "watu wa Tandale", kama vile ni kabila la wezi, mjibu kwamba swali ni la mtaa: taa ziko wapi, njia zikoje, watu wanakaa muda gani kabla ya kufukuzwa na kodi, wanajuana?

Nimetaja tajiri anayeiba. Hapo sasa tumefika nyumbani kwetu, chama chetu kimekulia hapo.

Desemba 1939, Edwin Sutherland, akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani, alisimama mbele ya wenzake Philadelphia akawaambia kwamba nadharia zao zote ni mbovu kwa sababu zimejengwa kwa kuwatazama waliokamatwa, na wanaokamatwa ni maskini. Akaja na jina, uhalifu wa kola nyeupe, yaani wa watu wenye heshima, unaofanywa ndani ya kazi zao. Kisha akachunguza kampuni kubwa 70 za Marekani akakuta maamuzi 980 ya mahakama na vyombo vingine dhidi yake. Karibu hakuna aliyeitwa mhalifu. Kitabu kilitoka mwaka 1949, lakini mchapishaji aliogopa kushtakiwa, majina ya kampuni yakaondolewa. Kilichapishwa kizima mwaka 1983, mwandishi akiwa kaburini zaidi ya miaka thelathini.

Sutherland alisema pia kwamba uhalifu hufundishwa. Ukikaa karibu na waridi utanukia. Kibaka anafundishwa na vibaka namna ya kufungua kioo, na anafundishwa na maneno ya kujitetea: "hawa wana bima". Ofisini ni hivyo hivyo. Kijana mwaminifu anaajiriwa, wiki ya tatu mkubwa wake anamwonyesha namna ya kuandika safari ambayo haikufanyika, na anapewa na maneno: "kila mtu anakula kwa urefu wa kamba yake".

Sasa kumbukeni EPA. Mwaka wa fedha 2005/06, kwenye akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyostahili kwa kampuni 22. Kelele zilianzia upinzani. Septemba 15, 2007, uwanja wa Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma ile Orodha ya Aibu, na waliokuwepo wanasema hata wauza karanga walisimama kusikiliza. Agosti 2008 Rais Kikwete aliliambia Bunge kwamba waliochukua fedha hizo wamepewa hadi Oktoba 31 kuzirudisha, na watakaoshindwa wapelekwe mahakamani. Tuwe wakweli, baadhi walishtakiwa na wapo waliofungwa. Lakini ile tarehe! Lini mwizi wa kuku ameambiwa amrudishe kuku kabla ya Oktoba 31 na yaishe? Yeye anapewa tairi. Mtu mmoja ana tarehe ya mwisho ya kurejesha, mwingine ana dakika tano za kuishi, na wote wamechukua kisicho chao. Tofauti hiyo huwezi kuieleza kwa kumwangalia mwizi peke yake. Lazima umwangalie anayemhukumu.

Hapo ndipo alipoanzia Howard Becker mwaka 1963. Alisema uhalifu si sifa iliyo ndani ya tendo, ni jina ambalo watu wenye uwezo wa kubandika majina wamelibandika, na likashika. Na jina likishashika linafanya kazi yake. Mtoto amekamatwa mara moja kwa kosa dogo, amewekwa selo na wakubwa, amerudi mtaani anaitwa "yule wa jela". Mwajiri hamtaki, baba wa mchumba hamtaki. Anayemtaka ni nani? Aliyekuwa naye selo.

Mwingereza mmoja aliyezaliwa Afrika Kusini, Stanley Cohen, aliandika mwaka 1972 kuhusu taharuki ya aina hii. Pasaka ya 1964, vijana wa makundi mawili walifanya vurugu kwenye mji wa ufukweni, Clacton. Viti vilivunjwa, vioo vilivunjwa. Magazeti yakaandika kana kwamba mji umetekwa. Polisi wakaongezwa, mahakimu wakawa wakali, na vijana ambao hawakuwa kundi lolote wakajikuta wanachagua kundi.

Sasa Januari 2, 2015, Dar es Salaam. Wengine mlikuwa wadogo, waulizeni kaka zenu. Jioni ile uvumi ulisambaa kwa simu kwamba Panya Road wako njiani. Wako Sinza, wako Magomeni, wako Kinondoni, wako kila mahali kwa wakati mmoja. Maduka yakafungwa, watu wakakimbia wakaacha viatu. Kulikuwa na vijana waliofanya fujo na uporaji siku ile, hilo ni kweli. Lakini jiji lilikimbia kitu kikubwa kuliko vijana wale. Mamia wakakamatwa. Toka siku hiyo jina likawa mali ya kila mtu: kijana yeyote mwenye kaptula na wenzake watano ni Panya Road, na kijana yeyote anayetaka kuogopwa anajiita Panya Road. Mwaka 2022 jina likarudi, safari hii na damu. Watu walivamiwa majumbani, walikatwa mapanga, wengine waliuawa. Septemba polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa kwa risasi. Na kwenye makundi yetu ya simu, makamanda, wengi wetu tulipiga makofi. Alama za moto, alama za bendera.

Nina karatasi hapa ya mapendekezo ya kata kwa ajili ya ilani ya vijana. Kata moja, siitaji, imeandika hivi kwenye usalama: "Panya Road wapigwe risasi, mjadala ufungwe." Mistari minne chini, mwandiko ule ule: "Polisi waache kuwaita wanachama wetu wahalifu bila ushahidi." Aliyeandika simlaumu kwa hasira. Huenda kuna shangazi yake ana kovu la panga. Mimi nauliza jambo moja la kiutendaji. Usiku ule, kati ya risasi na maiti, nani alithibitisha kwamba yule alikuwa Panya Road? Ni mtu yule yule ambaye, tukiomba kibali cha mkutano, anatuambia ana taarifa za kiintelijensia. Huwezi kumwamini saa tisa usiku na kumkataa saa tatu asubuhi. Ibara ya 13 ya Katiba inasema mtuhumiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na haikuweka mabano kuandika "isipokuwa wenye mapanga".

Aliyekatwa panga anastahili kuona mtu amefikishwa mahakamani, akajua ni nani, alitumwa na nani, simu yake iliuzwa kwa nani. Maiti haitaji wanunuzi. Biashara ya simu za wizi inaendelea, na walioinunua ni watu wa maduka, si wa vichochoro.

Kwa hiyo ninachopendekeza kiingie badala ya mstari ule ni hiki, na naomba mkichambue bila huruma. Moja, vifungu vya uzururaji vifutwe. Mbili, kila mtu anayeuawa na polisi kifo chake kichunguzwe na chombo kisicho cha polisi, hata kama mtaa mzima umeshangilia. Tatu, fedha: doria, mafuta, wapelelezi, taa za mitaani, zitajwe kwa shilingi kwenye bajeti mbadala, maana kijana wa Milan alishasema ni uhakika unaozuia. Nne, vijana wa kosa la kwanza wasilale selo moja na wazoefu. La nne gumu, najua.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Karibuni maswali, na kata iliyoandika ule mstari ipewe nafasi ya kujitetea. Ila tuanze na yule kaka wa nyuma kabisa mwenye fulana ya kijani kibichi, ambayo sijui ameivaaje humu ndani. Amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Lombroso.